Babu wa Ndani ya Soksi

Siku ya kwanza Babu aliposahau, alimsahau tai wa kampuni ya ulinzi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, chai haijapoa vikombeni, na Mama Nembo alikuwa amelibofya faili lile mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha mlango wa jirani huku akijua yumo ndani. Kompyuta ikamjibu bila haraka kwamba faili limeharibika au halisomeki.

Babu hakuwa mtu. Alikuwa diski ya mtumba, nyeusi, saizi ya kiganja, iliyonunuliwa kwa muuza vifaa vilivyotumika pamoja na waya wake uliofungwa kwa raba. Mgongoni ilikuwa na kikaratasi cha gundi kilichoandikwa kwa wino mzito: PICHA ZA BABU. USIFUTE. Muuzaji alikuwa amezifuta zote bila kuona haya, lakini kikaratasi kilikataa kubanduka, na tangu siku hiyo nyumba nzima iliita diski ile Babu. Babu kaamka? Babu leo mzito. Mtoto wa nyumba hiyo, msichana wa miaka saba, alikuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Ndani ya Babu mlikuwa na kazi yote ya Mama Nembo, miaka sita ya kazi: nembo za shule, za kwaya, za timu, za mahoteli, za watu wanaotaka jina la bosi wao lishonwe kifuani kwa uzi wa dhahabu. Kila nembo ilichorwa kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, ndipo ipelekwe kwenye cherehani ya kudarizi iliyojaza nusu ya sebule. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani alikuwa Mama Nembo, na mwenyewe alilipenda.

Mwaka mmoja nyuma, msichana aliyemwajiri aliacha kazi siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake duka la ng'ambo ya barabara likaanza kushona nembo zilezile, mpaka na kosa la uzi kwenye bawa la njiwa wa kwaya. Mama Nembo hakulia. Alizihamishia darizi zote kwa Babu peke yake, mahali pamoja panaposhikika kwa mkono, akazifuta kwenye kompyuta, na akatoa amri: hakuna kunakili, hakuna flashi, hakuna simu ya mtu kuchomekwa kwenye kompyuta ile. Yeye akitoka, Babu anatoka naye.

Aliyebaki wa kutazamwa kwa jicho la pembeni alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekaa nao mwaka wa pili sasa, analala chumba kimoja na mtoto na kuendesha cherehani mchana kutwa.

"Wifi, tai yuko wapi?"

"Tai gani?"

"Wa walinzi. Jana alikuwepo."

Wifi aliacha kukata nyuzi, akaja kusimama nyuma ya kiti. "Babu kasahau. Hata juzi ile nembo ya wapishi ilinigomea, nikajaribu tena ikafunguka. Diski inazeeka, wifi. Ingekuwa vizuri tunakili mapema mahali pengine."

"Tunakili," Mama Nembo akalirudia neno taratibu, kana kwamba amelikuta kwenye wali wake na linamkwaruza meno. "Tunakili wapi?"

"Popote."

"Popote ndipo walipokwenda njiwa wangu."

Saa sita na nusu akainuka kwenda kumchukua mtoto shuleni. Cherehani ilikuwa inashona; ilibeba nembo moja tumboni mwake, na ilijua kuimaliza bila Babu. Akapitisha mkono nyuma ya kompyuta, akamnyofoa Babu, akamtumbukiza kwenye soksi ya zamani ya mtoto, na soksi akaisokomeza kifuani.

"Wifi, si umuage kwanza?" wifi akasema. "Kuna kile kialama pale chini. Unakibofya, unasubiri taa izime, ndipo unachomoa. Ukimtoa hivyo hajamaliza anachofanya."

"Ili abaki hapa mezani mimi nikiwa njiani?" Mama Nembo alitabasamu tabasamu la mdomo tu. "Wewe angalia sindano."

Wifi akarudi kwenye cherehani. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na Mama Nembo alikwisha kuamua siku nyingi kwamba watu wa kunyamaza wana la kuficha.


Jumanne akapotea njiwa. Jumatano ikapotea nembo ya wapishi na mbili za timu. Hazikutoweka kabisa, majina yake yalibaki kwenye orodha, ila mengine yaligeuka herufi za ajabu, mikwaju na alama za kuuliza, kama maandishi ya mtu aliyeshikwa na homa. Mama Nembo aliziandika zote kwenye daftari, na pembeni ya kila moja akaandika siku, saa, na nani alikuwa sebuleni. Jibu la safu ya tatu lilikuwa lilelile kila mstari. Lingewezaje kuwa jingine, wakati wanaofanya kazi sebuleni ni wawili, na mmoja wao ndiye mwenye kalamu?

"Kitu cha mtumba ni cha mtumba," mumewe alimwambia wakati wa chakula. Alikuwa karani wa ghala, mtu anayeamini kwamba kila kinachopotea kitaonekana mwisho wa mwezi kwenye kuhesabu.

"Kingekuwa kibovu kingekufa chote. Hiki kinachagua. Kimemchagua tai, kimemchagua njiwa. Hivyo vya bei ndogo havijaguswa."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi simaanishi. Mimi nahesabu."

Na kweli alihesabu. Alihesabu kwamba wifi alikuwa na viatu vipya. Alihesabu kwamba alitoka nje kupokea simu mara mbili, wakati simu za watu wema hupokelewa ndani. Aliona, kwa macho yake mawili kupitia pazia, wifi akisimama ng'ambo ya barabara na kuzungumza na mwenye duka lile, tena akicheka. Wifi aliporudi na gurudumu la uzi mwekundu mkononi, akasema wa kwao umeisha na mama yule amemwazima mpaka kesho, Mama Nembo alijibu, "Ana moyo mzuri siku hizi," na uzi ule akautia kwenye droo yake mwenyewe.

Kilichomkosesha usingizi hasa ni jogoo. Shule moja kubwa ilikuwa imeagiza nembo mia sita za jogoo anayewika, mkia wa rangi tano, zipelekwe Jumatano ya wiki iliyofuata. Kazi kama hiyo ndiyo iliyolisha nyumba ile nusu ya mwaka. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kengele, alikuwa amemwambia waziwazi: "Sampuli imepita, bodi imempenda jogoo yuleyule, simtaki ndugu yake. Ukishindwa Jumatano nitavuka barabara." Kila asubuhi Mama Nembo alimfungua jogoo kabla ya yote, akamtazama kishungi mpaka kucha, na kumfunga. Jogoo alikuwepo. Kwa siku hizo alimpenda kuliko watu.


Alhamisi, saa nane na nusu mchana, wifi aliingia kuoga. Mama Nembo alisikiliza ndoo ikivutwa, akasikiliza maji, kisha akaenda chumba cha mtoto. Mkoba wa wifi ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, wa kitambaa cha kijivu, wenye zipu ndefu. Aliutazama kwa muda. Tuseme haki yake: alisita. Halafu akaifungua zipu.

Alitoa kitana chenye nywele. Akatoa pakiti ya pedi, tiketi kuukuu, bahasha yenye picha ya mama wa wifi, ambaye ndiye mama mkwe wake mwenyewe, marehemu sasa, akiwa amesimama kwenye picha bila kujua la kufanya na mikono. Akatoa barua ya maombi ya kazi ambayo haikupelekwa popote. Vyote akavipanga kitandani kama askari wa forodha. Mwisho, kwenye mfuko wa ndani, ndani ya leso iliyokunjwa mara nne, akaikuta flashi.

Wifi alipotoka, khanga kifuani na maji yakimtiririka shingoni, alikuta vitu vyake kitandani na sauti ya Mama Nembo ikimwita kutoka sebuleni.

"Njoo," Mama Nembo alisema bila kugeuka. "Njoo uone walikokuwa."

Kwenye kioo cha kompyuta walikuwa wamejipanga wote. Tai yupo. Njiwa yupo. Wapishi na kofia zao wapo. Na juu kabisa, jogoo.

"Nilizinakili," wifi akasema. "Tangu mwezi uliopita, nilipoona zinaanza kufa. Kila iliyofunguka nikaiweka akiba."

"Akiba. Ndani ya leso."

"Nilijua ukiiona utasema hivi unavyosema."

"Na ng'ambo ulikuwa unacheka nini?"

"Wapi?"

"Viatu je? Viatu umenunuliwa na nani?"

"Kaka amenipa. Muulize." Wifi akaonyesha kioo kwa kidole. "Wifi, huyo jogoo nimemchora mimi. Wiki tatu. Mkia nimeurudia mara nne, wewe ukisema rangi zinagombana. Nimwibe ili iweje?"

"Umemchora kwenye kompyuta ya nani? Kwenye sebule ya nani?"

Mama Nembo alimchomeka Babu, akamrudishia wote waliokuwa kwenye flashi, mmoja baada ya mwingine, na mstari wa kijani ulipofika mwisho akahisi utamu wa mtu aliyerudishiwa haki yake. Kisha akachagua kila kilichokuwa kwenye flashi na kukifuta, wifi akitazama. Kompyuta iliuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Taa ndogo ya Babu ilikuwa bado inapepesa haraka haraka alipomnyofoa na kumrudisha ndani ya soksi, maana sasa hata dakika moja ilikuwa nyingi.

"Chukua uchafu wako." Flashi ilianguka sakafuni, ikateleza mpaka chini ya cherehani.

Wifi alipiga magoti, akaiokota na kuikunja tena ndani ya leso. Alivaa, akarudisha vitu vyake mkobani, akatoka na mfuko mmoja wa nguo. Mtoto alimfuata mpaka mlangoni akiuliza shangazi anakwenda wapi. Wifi alivuka uwanja mkoba ukiwa begani, umeachama, leso ikichungulia nje. Majirani wawili waliokuwa wakianika nguo walimwona hivyo, na mmoja akamwambia mwenzake kitu.


"Umempekua dada yangu?" mumewe aliuliza jioni ile. Alikuwa hajavua hata viatu.

"Nimempekua mwizi."

"Umeingiza mkono kwenye mkoba wa mwanamke mwenzako akiwa bafuni?"

"Na nikakuta nini? Uliza nilikuta nini."

Mume alipiga simu huku na huko mpaka akajua dadake yuko kwa rafiki yake anayefanya kazi kwa dobi, kisha akaketi upande wa pili wa meza na kula kimya. Mama Nembo alikitazama kimya kile na kukitilia mashaka nacho. Huenda walikuwa pamoja, kaka na dada. Mambo hayo yapo.

Ijumaa asubuhi alimchomeka Babu. Babu alilia kidogo, tik, tik, tik, na kompyuta ikaandika kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Je, anataka kuifomati? Mama Nembo alijua maana ya kufomati: ni kufagia nyumba mpaka isibaki hata sindano. Akabofya Hapana. Akachomoa, akapuliza tundu, akachomeka. Je, anataka kuifomati? Akabadilisha waya. Je, anataka? Cherehani ilikuwa imezimwa jana, na cherehani ile ikizimwa husahau kilichomo tumboni. Jogoo hakuwa kwa Babu, hakuwa kwenye kompyuta, hakuwa kwenye cherehani. Na flashi aliifuta kwa kidole chake mwenyewe.

"Kafanya kitu," alisema kwa sauti, peke yake sebuleni. "Kabla ya kuondoka kafanya kitu."

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya kengele. "Mama Nembo, tunaendeleaje na jogoo wetu?"

"Anawika, mwalimu," akajibu, akakata simu.

Saa sita na nusu alimnyofoa Babu, akamtia ndani ya soksi, akaenda kumchukua mtoto.


Fundi kompyuta alikuja Jumamosi baada ya saa nne. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye upara na begi la ngozi, na mtaa wote ulimwita Fundi Pole kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mashine iliyougua. Kwa kawaida wagonjwa hupelekwa kwake. Mama Nembo alikataa Babu atoke ndani, akamwita nyumbani, akamsimulia habari za jogoo, na kabla hajakaa akamwomba atoe kila flashi aliyonayo na simu yake, aviweke kwenye sinia juu ya kabati.

Fundi Pole alitii. "Lakini mama, nikimwiba huyo jogoo nitamfuga wapi?"

Mume alicheka. Mama Nembo hakucheka. Alivuta kigoda akakaa begani kwa fundi, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na kila kidole cha yule mtu kilipoinuka, macho yake yaliinuka nacho.

"Pole, Babu," fundi akasema, akasoma kile kikaratasi na kutikisa kichwa. "Kwanza hatuandiki chochote juu yake. Tunasoma tu. Orodha yake ya ndani imevurugika, hajui tena nini kiko wapi. Ni kama kitabu kilichochanwa kurasa za yaliyomo. Kuna na sehemu zimeoza, huo ni uzee. Tutapita ukurasa kwa ukurasa."

Ilichukua saa mbili na zaidi. Mtoto alileta kiti chake, mume akaegemea mlango. Kisha picha zikaanza kutokea kwenye kioo, ndogo ndogo, moja baada ya nyingine: mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mzee amevaa kofia ya mtu mwingine. Mzee amepakata kitoto kichanga na kucheka, mdomo hauna jino hata moja. Mzee amelala hospitali, amezungukwa na watu waliojilazimisha kutabasamu. Mzee, mzee, mzee, picha arobaini na kitu.

"Babu!" mtoto akapiga kelele. "Mama, ni Babu mwenyewe! Shikamoo!"

"Hao si wangu," Mama Nembo akasema. Alijikuta anamchukia mzee yule aliyekuja bila kuitwa. "Jogoo wangu yuko wapi?"

"Programu hii inazijua picha, mama, haizijui darizi zako. Na hizo zako nyingi zimekatika katikati. Vipande viko, kiumbe hakipo."

"Lakini hizi zilifutwa! Muuzaji alizifuta, tena miaka mingi imepita!"

"Kilichofutwa hakiondoki siku hiyohiyo. Kinabaki palepale mpaka kingine kije kulala juu yake. Hapa hapakulaliwa."

Mama Nembo alishusha sauti. "Hata kwenye flashi?"

"Kwenye flashi ni rahisi zaidi. Kama imefutwa tu na hakuna aliyeweka kitu kingine, nitakurudishia na majina yake. Unayo?"

Macho ya Mama Nembo yalikwenda chini ya cherehani. Mume aliyaona yakienda.

"Tatizo lenyewe limetoka wapi?" mume akauliza. "Kuna mtu amemfanyia kitu?"

"Ndilo nililokuwa nalitafuta." Fundi alifungua dirisha jingine, lenye mistari mingi midogo. "Kompyuta ina daftari lake, watu hawajui. Diski ikinyofolewa bila kuagwa, inaandika siku na saa. Tazama. Kuna mtu hapa anamnyofoa Babu ghafla akiwa kazini. Hii ni mara mia mbili na zaidi. Kila mara anapokatizwa, anapoteza kidogo. Leo tai, kesho njiwa."

Mama Nembo aliinuka kwenye kigoda. Hatimaye. "Saa ngapi? Soma saa. Nitakuonyesha na daftari langu."

Fundi Pole akaanza kusoma, kidole kwenye kioo. "Jumatatu, saa sita na nusu mchana. Jumanne, sita na nusu. Jumatano, sita na nusu kasoro dakika mbili. Jumapili, saa tatu asubuhi, na ile nyingine, saa tatu. Halafu hii ya Alhamisi, saa tisa na dakika nane. Hii ndiyo iliyomuua. Alikuwa ameandikiwa vitu vingi kwa mkupuo, hajavipanga, akang'olewa. Na baada ya hapo jana, sita na nusu tena."

Saa zile Mama Nembo alizijua. Ilikuwa saa ya kengele ya shule, na Jumapili ilikuwa saa ya ibada, na Alhamisi alikumbuka taa ikipepesa. Alitia mkono kifuani bila kufikiri, na soksi ilikuwa pale, tupu, ina joto la mwili wake.

"Jana," mumewe akasema polepole. "Jana dada yangu hakuwepo."

Fundi aligeuka, akamwona mwanamke ameshika soksi ya mtoto, akaelewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. "Mama, hakuna aliyewahi kukuonya?"

"Nilionywa," akasema Mama Nembo. Sauti ilimtoka ndogo, na aliona aibu mbele ya mtoto, mbele ya mume, mbele ya mtu ambaye simu yake ilikuwa bado kwenye sinia juu ya kabati.


Dobi alikuwa mitaa minne kutoka pale, chumba kimoja chenye kaunta na mvuke. Njia nzima Mama Nembo aliitayarisha samahani. Aliipanga vizuri, yenye mwanzo na mwisho, na alipoingia ndani ikamtoka yote kichwani.

Wifi alikuwa nyuma ya kaunta, anapiga pasi shati jeupe. Wateja wawili walikuwa wakisubiri, na rafiki yake aliyekuwa akikunja mashuka alimtazama mgeni kuanzia viatu. Alikuwa amesimuliwa, ilionekana.

"Wifi," Mama Nembo akasema. "Jogoo hayupo."

"Pole." Pasi ilikwenda, ikarudi.

"Babu amekufa kabisa. Fundi amesema..." Aliwatazama wale wateja wawili. "Amesema ni mimi. Nilikuwa namchomoa bila kumuaga."

Wifi aligeuza shati, akaanza mkono wa pili. Hakusema kwamba alimwambia. Mama Nembo alimsubiri aseme, alitamani aseme, na wifi hakusema.

"Ile flashi unayo bado?"

"Ninayo."

"Umeweka kitu ndani yake?"

"Sijaweka hata wimbo."

Mama Nembo aliishika kaunta kwa mikono miwili. "Basi fundi anaweza kuwarudisha. Wote. Naomba unipe, wifi. Na unisamehe. Nimekukosea wewe, nimemkosea na kakako."

Wateja walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. Wifi aliisimamisha pasi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha akaelekeza kwa kidevu. Mkoba wa kijivu ulikuwa kwenye msumari, kando ya mlango wa ndani.

"Iko mule. Mikono yangu ina kazi. Itoe."

"Nitolee wewe, tafadhali."

"Unapajua. Mfuko wa ndani, kwenye leso."

Mama Nembo alizunguka kaunta. Ilikuwa hatua tano, na watu wanne walimwangalia akizipiga. Aliishika zipu, akaifungua, akaingiza mkono akiwa ameinamisha macho, lakini mkono ulikuwa unaona: kitana, pakiti, bahasha ya picha. Leso ilikuwa imekunjwa mara nne kama mwanzo. Aliitoa flashi, akairudisha leso mahali pake.

"Jumatatu nitakuja kumshona," wifi alisema nyuma yake, ameshika pasi tena. "Nitakuja saa mbili, nitaondoka saa kumi na moja. Mkoba wangu nitauacha hukuhuku."

"Na nyumbani? Mtoto anakuulizia."

Wifi alianza kola, mvuke ukapanda. Mama Nembo aliifumbata flashi ndani ya ngumi, akageuka kwenda mlangoni. Alikuwa amefika kwenye kaunta aliposikia akiitwa.

"Wifi."

Akageuka upesi, uso wote umefunguka.

"Zipu," wifi akasema. "Siku ile uliiacha wazi."

Mama Nembo akarudi kwenye msumari. Zipu ilikwama katikati, ikabidi aweke flashi chini na kuifunga kwa mikono yote miwili.